Adhana ya Profesa

"Nyigu, uko wapi?"

"Ngazini, Mzee. Nina mgeni nyuma."

Mgeni alikuwa mlinzi wa Profesa, akipanda ngazi za kituo cha televisheni mbili mbili, bastola ya Glock mkononi. Nyigu alijibanza nyuma ya mlango. Jamaa alipotokeza alikula kiwiko cha koo, akaporomoka kama gunia.

Glock ikapata mmiliki mpya.

"Profesa yuko hewani," Mzee, mkuu wa idara ya usalama, alisema kwenye kidude cha sikioni. "Waziri amekaa naye. Akimwamini tu kwamba Waislamu wanapanga vurugu, askari wanaingia mtaani kwenu. Na usimpige risasi. Ukimuua, kesho ni shujaa."

Mtaani kwenu. Mama yake Nyigu alikuwa amejifungia huko, askari wenye bunduki wamejipanga nje ya mtaa.

Nyigu alishapambana na majambazi wengi, lakini huyu alimchukia kwa moyo wote. Jambazi huvunja mlango. Profesa alivunja watu kwa asilimia za utafiti wa kubuni, tena kwa fedha za majasusi wa nje waliotaka nchi iwake moto.

Akaupiga teke mlango wa chumba cha mitambo. Fundi akanyoosha mikono juu.

"Shusha, kaka. Ongeza sauti."

Kwenye skrini Profesa alirekebisha miwani. "Mheshimiwa Waziri, utafiti hauna chuki. Mtafiti wangu alirekodi haya msikitini, wakati wa alasiri."

Sauti ya mwanamume ikanguruma: "Tutawachoma wote!" Nyuma yake, adhana.

Nyigu aliganda, akasikiliza. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Kaka, mpunguze huyo mpayukaji. Pandisha adhana. Nipe na maikrofoni."

Adhana ikajaa studio. *As-salatu khayrun minan-nawm.*

"Profesa," Nyigu alisema, nchi nzima ikimsikia, "hapo mwadhini anasema sala ni bora kuliko usingizi. Maneno hayo ni ya adhana ya alfajiri tu. Alasiri nani kalala? Mmeokota adhana mkaibandika kwenye uongo wenu."

Waziri akageuka. "Profesa?"

Profesa alianza kukusanya karatasi zake.

"Miaka yote umewaandika Waislamu," Nyigu aliongeza, "hata siku moja hukuamka nao."

Vijana wa Mzee wakaingia na pingu. Waziri, jasho likimtiririka, alikwishashika simu. "Ondoeni askari. Sasa hivi!"

Nyigu akavaa miwani ya jua, akampigia mama yake.

"Fungua mlango, mama. Nakuja."

Ngazini mlinzi alikuwa bado chali. Nyigu akamruka.

"Amka, wewe," alimwambia. "Alasiri hii."