Kijumba cha Miche cha Mama Gladness

Kabla ya kwenda kisimani, Evelina alichungulia sanduku lake la miche mara tatu. Aliporudi alichungulia tena, ndoo ikiwa bado kichwani.

"Mama Gladness, utaichosha hiyo miche kwa macho," alisema mumewe, Machibya. Alikuwa barazani kwao Buswelu, akinoa panga.

"Cheka tu. Kitalu cha kwanza hukuona kilivyokwenda?"

Machibya akaendelea kunoa. Mvua ya Aprili ilikuwa imeteremka kutoka kwenye mawe ya kilimani, ikasomba kitalu chote cha nyanya. Na mzee Masele, mwenye shamba la bondeni, alishawaambia wazi: "Pentekoste ikifika hamjapanda, nampa mtu mwingine." Shamba hilo lilikuwa limewalisha miaka minane.

Ndipo Evelina akaamua kuotesha miche ndani ya sanduku la kubebeka. Mtaani hakuna aliyemshinda kulea vifaranga. Basi akachukua sanduku lile lile alilolelea vifaranga. Akalijaza udongo wa shamba la nyanya la mwaka jana, akamwaga mbegu nyingi, akafunika kwa nailoni nyeupe. Pande zote akaibana kwa mawe. Asubuhi zilipokuwa za baridi, aliweka pembeni chungu chenye makaa, kama alivyowafanyia vifaranga.

Mbegu zikaota. Evelina akapiga ishara ya msalaba. Lakini siku ya tano miche ikaanza kulala. Shingo zake zilikuwa nyembamba na nyeusi, kama zimekazwa kwa uzi. Akaongeza maji. Akaongeza makaa. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Ikalala yote.

Asubuhi iliyofuata alipita Apiyo, jirani yao aliyehamia kutoka Mara. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche na kuiuza barabarani.

"Shikamoo, mama Gladness."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone msiba wangu."

Apiyo akafunua nailoni. Joto likampiga usoni.

"Mama! Nyanya haijazaa, umeshaipika mchuzi?"

Evelina hakucheka. Machozi yalikuwa karibu. Apiyo akaona, akaketi chini kando yake.

"Pole, mama. Ugonjwa huu tunauita kinyausi. Unatoka kwenye udongo. Unapenda maji mengi, miche iliyosongamana na mahali pasipopita hewa. Vyote umeupa."

"Lakini vifaranga nawafunika hivi hivi, hawafi!"

"Kifaranga akizidiwa na joto anasogea. Mche utasogea uende wapi?"

Evelina akaliangalia sanduku, kisha akaangalia chungu cha makaa. Akakiondoa.

Zilibaki mbegu nusu pakiti, na wiki tano kabla ya Pentekoste.

Walimwaga udongo wote mbali na kuliosha sanduku kwa sabuni. Apiyo akatoboa matundu chini ili maji yasituame. Machibya akaleta udongo wa mahali ambapo hapajawahi kulimwa nyanya. Wakauchanganya na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Wakaumwagia maji yanayochemka, wakauacha upoe. Kisha wakapanda mbegu kwa mistari, moja moja, zisisongamane. Juu wakakunja fito kama matao, wakatandaza nailoni. Ncha mbili wakaziacha wazi.

"Mvua ikija, shusha nailoni," alisema Apiyo. "Ikikatika, funua. Maji mwagia asubuhi, kidogo. Udongo ukiwa bado mbichi, usimwagie."

"Na baridi ya usiku?"

"Sanduku liingize ndani. Ila kukicha litoe kwenye mwanga, la sivyo miche itarefuka kama fimbo ya mchunga ng'ombe. Na wiki ya mwisho ondoa nailoni mchana kutwa, izoee jua na upepo wa ziwa."

"Niiache wazi hivyo hivyo?"

"Uiache. Shambani utaifunika na nini?"

Wiki hiyo ya mwisho ilimtesa Evelina kuliko zote. Jumapili, akiwa kanisani, mvua ilianza kupiga bati. Akafikiria sanduku lililo wazi uani. Akamfikiria Machibya, aliyebaki nyumbani na mgongo unaouma. Hatalikumbuka. Au atalifunika na kulibana kwa mawe! Sala aliifuata kwa midomo tu. Misa ilipoisha hakumsalimia mtu. Alikwenda mbio, matope hadi magotini.

Sanduku lilikuwa pale pale uani. Nailoni ilikuwa imekunjwa pembeni. Miche ilikuwa wima, minene, ya kijani kibichi. Machibya alikuwa amekaa kando yake.

"Mvua ilipokuja nilifunika, ilipokatika nikafunua," alisema. "Mbona unahema hivyo? Miche hii inapumua kuliko wewe."

Jumamosi, siku moja kabla ya Pentekoste, walibeba sanduku hadi bondeni. Walisubiri jua lipungue, ndipo wakapanda. Walikuwa kwenye mstari wa mwisho mzee Masele alipotokea na fimbo yake.

"Kesho nilikuwa nimlete Otuoma, anayelitaka shamba hili, nimwonyeshe," alisema. Akatazama mistari, mmoja baada ya mwingine. "Sasa nitamwonyesha nini?"

"Mwonyeshe nyanya, mzee," alijibu Machibya.

Mzee akacheka, akaenda zake. Evelina akaligeuza sanduku tupu, akaketi juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili, alikaa bila kuinuka kuchungulia kitu.