Mchele wa Kupwaya Mara Tatu

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Mbeyu alikuwa na kinu cha kumaliza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu mama yake ajifungue mtoto wa kiume, kazi ya kutwanga mpunga ilikuwa yake peke yake. Alitwanga, akapeta, kisha akaurudisha mchele kinuni kuupwaya, yaani kuutwanga tena ili wishwa wote utoke. Wishwa ni ule unga wa kahawia unaoizunguka punje ya mchele. Alipofika mara ya tatu, ilimbidi auegemee mchi apumzike.

"Bado una wekundu huo," nyanya yake, Bi Mwanatumu, alisema kutoka barazani. "Watu wanakuja kumtazama mzazi. Mzazi hali wali wa rangi ya mchanga."

Bi Mwanatumu hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Kijijini kwao, karibu na Msambweni, wali wa nyumba yake ulisifiwa kwa weupe, na sifa hiyo aliilinda kwa jicho kali. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, mpunga ulikuwa umekubali bondeni, naye hakutaka tena kuona chakula kinachomkumbusha njaa. Mchele ulioshwa kwa maji manne, na maji yote yakamwagwa migombani. Kuku walipewa wishwa.

Tena alikuwa na miiko yake. Tangu mimba ya mkaza mwanawe ilipokuwa changa, na sasa katika siku arobaini za uzazi, alimkataza kunde kwa sababu eti humsokota mtoto tumbo. Samaki alimkataza kwa ajili ya shombo. Mayai na njugu navyo vilikuwa na visa vyao. Kilichobaki ni wali mweupe na chai ya rangi.

Wiki ya tatu, mama yake Mbeyu alisema miguu imekufa ganzi. Wiki ya nne hakuweza kufika uani bila kushika ukuta. Mtoto alilia kwa sauti ndogo, kama aliyechoka kabla ya kuanza maisha. Mbeyu naye alisinzia darasani, na usiku alijiuliza kama mama yake angetembea tena. Akaona dawa ni kumpikia wali mzuri zaidi, basi akazidi kutwanga.

Siku ya thelathini, baba yake, Kibwana, alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka zahanati. Mbeyu alimbeba mtoto. Bi Mwanatumu alifuata nyuma na mwavuli wake.

"Shikamoo, Bi Nesi," Mbeyu aliamkia.

"Marahaba, mwanangu." Nesi Kanze alikuwa peke yake tangu asubuhi, na macho yake yalionyesha uchovu. Alimgonga mgonjwa gotini kwa nyundo ndogo. Mguu haukuruka. Akauliza, "Anakula nini?"

"Kila kitu," Bi Mwanatumu alijibu upesi. "Samaki, kunde, mboga. Kwangu hakuna mzazi anayelala njaa."

Nesi aliandika, akaichukua chupa ya vidonge vya malaria. Mbeyu aliitazama ile chupa, akamtazama mama yake. Alijua mtoto hampingi mkubwa mbele za watu. Lakini alikuwa amechoka, na uongo ulimwelemea kuliko mchi.

"Niwie radhi, nyanya," alisema. "Bi Nesi, si hivyo. Mama anakula wali mtupu na chai. Mimi ndiye ninayetwanga. Naupwaya mara tatu."

Bi Mwanatumu aliinamisha uso.

"Na wishwa?" nesi aliuliza.

"Tunawapa kuku."

"Hao kuku wakoje?"

"Wamenona," Mbeyu alisema.

Nesi Kanze aliirudisha ile chupa mahali pake. "Ndani ya wishwa mna vitamini B," alieleza taratibu. "Bila hiyo, chakula hakigeuki nguvu, na mishipa ya fahamu hulegea. Ndiyo maana ya ganzi hii. Mwili hauiwekei akiba ya siku nyingi, lazima iliwe mara kwa mara. Imo pia katika kunde, njugu, samaki na mayai. Na maji yale manne yaliondoa hata kile kidogo kilichobaki."

"Basi nimemlemaza kwa mapenzi yangu?" Bi Mwanatumu aliuliza.

"Bado hajalemaa, mama. Mmewahi." Akamdunga mgonjwa sindano ya vitamini, akawaambia wamrudishe kila siku kwa wiki nzima.

Njiani Bi Mwanatumu alitangulia na mwavuli wake bila kugeuka, na Mbeyu aliogopa sana. Alfajiri alitwanga, akapeta, akainua mchi kuanza kupwaya. Mkono wa nyanya yake ukaushika.

"Basi," alisema. "Umetosha. Kabandike kunde."

Siku ya arobaini wageni walijaa. Jirani yao, Bi Fondo, aliutazama wali wa kahawia kwenye sinia, akamtazama mwenye nyumba.

"Kuleni," Bi Mwanatumu alisema bila kupepesa macho. "Ule mweupe ulitulazia mzazi."

Wakati huo mama yake Mbeyu alitoka chumbani, polepole, mwanawe mikononi, bila kushika ukuta. Mbeyu aliangua kilio mbele ya wageni wote.

Jioni, walipobaki wawili, Bi Mwanatumu alimwita mjukuu wake akae karibu.

"Siku ile ulinitia aibu," alisema, "nami nilistahili. Nilidhani chakula kinachopendeza macho ndicho kinachojenga mwili, kisha nikasema uongo kuuficha ujinga wangu. Ungeninyamazia kwa heshima, mama yako angekuwa bado kitandani. Siku nyingine ukiniona nakosea, niambie mapema. Kwa adabu, lakini niambie." Akampapasa viganja vilivyoota sugu. "Sasa nenda kalale. Kesho ni kutwanga mara moja tu."