Beseni la Maharagwe

Kila jioni, akishavua sare za shule na kuzitundika nyuma ya mlango, Chiriku aliwasha jiko, akateleka sufuria ya maharagwe, kisha akaketi kwenye kigoda kuyasubiri. Jina hilo la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na majirani, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Aliweza kuongea na kuku, na ndoo, hata na kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Lakini siku hizi ungepita dirishani pake ungedhani nyumba haina mtu. Aongee na nani?

Mama yake alikuwa amesafiri kwenda kumwuguza bibi, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Safari ilikuwa ya ghafla. Aliondoka asubuhi na mkoba mmoja, na alipoulizwa atarudi lini alisema, bibi akiweza kusimama. Bibi alikuwa bado hajasimama. Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mama akiupata alipiga simu, akauliza mko salama, akajibiwa tuko salama, simu ikakatika.

Wakabaki wawili, Chiriku na baba yake. Baba alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, kibanda cha mabati kilichojaa sponji, mbao na mabaki ya vitambaa vya kila rangi. Alifanya kazi ameinama, misumari midogo ameibana midomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga. Mtu mwenye misumari mdomoni hasemi sana, na baba alikuwa hivyo hata misumari isipokuwepo.

Siku ile mama alipoondoka, shangazi alikuwapo. Shangazi huyu aliishi mji mwingine, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya kuamuru. Alimtazama Chiriku toka juu hadi chini, akamwambia kaka yake kwamba mtoto wa umri ule hawezi kubeba nyumba, afadhali amchukue, amtafutie shule huko kwake. Baba alifikiri kidogo, akasema, "Tutajaribu kwanza. Ikishindikana, utakuja kumchukua."

Neno hilo lilimwingia Chiriku, likakaa. Hakutaka kuiacha shule yake, wala kumwacha baba, wala mama arudi akute kitanda chake hakina mtu. Basi akajikaza kisabuni. Alifagia, alifua, akapika. Kupika alikujua, maana alikuwa amemtazama mama tangu akiwa mdogo: maharagwe yanachambuliwa mawe, yanaoshwa, yanachemshwa, halafu kitunguu, nyanya na chumvi. Hakuruka hatua hata moja aliyowahi kuiona.

Ajabu ni kwamba maharagwe ya mama yalikuwa yakiiva upesi na kulainika, na haya yake yalikataa katakata. Mkaa uliisha, jua likazama, baba akaingia, na maharagwe bado yana ugumu katikati. Akayapakua hivyo hivyo.

Mwanzoni baba aliyala yote, tena mbio mbio, maana kazi ikimkolea alisahau chakula cha mchana na kufika nyumbani na njaa ya kutwa nzima. Baadaye akaanza kubakiza. Mwishowe ikawa anakula vijiko vichache, anasema nimeshiba, anainuka na kurudi karakana hata kabla chakula cha Chiriku hakijapoa. Chiriku alimchungulia dirishani. Hagongi msumari, hakati kitambaa. Amekaa tu kwenye kochi la mteja, ameipa nyumba mgongo.

Hapo ndipo upweke ulipomshika hasa. Mama kuwa mbali lilikuwa jambo moja, mama alikuwa na sababu. Lakini baba yuko ng'ambo ya barabara tu, na hataki kukaa naye hata muda wa kumaliza sahani. Chiriku alikula akilitazama bakuli la baba lililobaki limejaa. Akajiambia kwamba baba hapendi chakula chake, na siku akichoka kabisa atampigia simu shangazi. Aliosha vyombo akilia kimya kimya, maana hata kulia kwa sauti kunataka mtu wa kukusikia.

Ukweli wa baba ulikuwa mwingine, na heri tuuseme hapa tusije tukamwonea. Tumbo lilikuwa limemgomea. Kila akila lilijaa gesi, likamvimba na kumbana, kiungulia kikapanda mpaka kooni, na kule chini nako hewa ikatafuta njia yake. Sasa baba mtu mzima, mwenye heshima zake, atakaaje na binti yake huku tumbo linaunguruma na hewa inatoka bila kualikwa? Aliona haya. Tena hakutaka kumwambia mtoto anayejitahidi vile kwamba chakula chake kinamtesa. Akaona bora akabeue karakanani, mahali ambapo makochi hayasemi. Alikunywa soda ili abeue vizuri, akaongeza gesi juu ya gesi. Akajilaza chali kwenye sponji, kiungulia kikazidi. Akanunua vidonge dukani, akavitafuna kama karanga.

Jumamosi moja Chiriku alikuwa akianika nguo aliposikia nyundo imenyamaza, na haikuendelea. Alivuka barabara. Alimkuta baba amejikunja sakafuni, jasho limemjaa usoni, misumari imetawanyika karibu na mkono wake. Baba alisema ni tumbo tu, litatulia lenyewe. Chiriku hakutaka kusikia hilo. Alimsaidia kuvaa viatu, akafunga karakana, wakaenda zahanati polepole, baba amemwegemea begani.

Daktari alimbonyeza tumbo, akampima, akaona si jambo la kumlaza. Akamwelekeza chumba cha pili kwa muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ili waangalie ulaji wake. Muuguzi aliuliza anakula nini, anakula wakati gani, anatafuna au anameza tu. Baba alijibu neno moja moja. Kisha muuguzi akauliza, "Na nyumbani anapika nani?"

Chiriku alikuwa kwenye benchi, karibu na mlango. Alijua akisema ni yeye, habari zitamfikia shangazi, na hapo safari imeiva. Angeweza kusema wananunua chakula mkahawani, na baba, alivyo mpole, asingembishia.

"Ni mimi," alisema. "Napika maharagwe karibu kila siku, na hayaivi sawasawa. Nampa baba hivyo hivyo kwa sababu giza linakuwa limeingia. Kama chakula ndicho kilichomuumiza, basi nimemuumiza mimi."

Muuguzi hakumkaripia. Alivaa miwani yake akamtazama. "Unayaloweka kwanza, mwanangu? Yakae kwenye maji usiku kucha?"

"Mama hakuwa akiyaloweka," Chiriku akajibu. "Nimemwona anavyopika, toka mwanzo hadi mwisho."

Baba aliinua kichwa. "Alikuwa akiyaloweka," alisema taratibu. "Wewe ukishalala. Nilikuwa nasikia maharagwe yanamwagwa kwenye beseni kabla hajazima taa. Asubuhi anayamwaga yale maji nje, hujaamka bado. Mimi nilidhani anaosha tu."

Kumbe hatua ile ilifanyika yeye akiwa usingizini. Yeye aliyajua mapishi yote isipokuwa beseni, na baba alilijua beseni tu, na wote wawili walikuwa wakikaa nyumba moja siku zote hizo bila kuulizana.

"Kwa nini hukuniambia tumbo linakuuma?" Chiriku aliuliza. "Nilidhani hutaki kukaa na mimi."

Baba alifungua mdomo ajibu, lakini tumbo lilimtangulia kwa mngurumo mrefu. Akauinamisha uso. "Ni hilo, mwanangu. Hilo na ndugu zake. Nilikuwa nakimbia nisikuharibie chakula."

Muuguzi aligeukia kabati kana kwamba anatafuta kitu, mabega yakamtikisika kidogo. Aliporudi alikuwa ameukaza uso. Aliwaeleza kwamba maharagwe yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya mpaka yabonyee kwa vidole. Yasiliwe kila siku. Siku nyingine wale viazi au mboga laini. Fundi naye ale mchana, hata kama ni kidogo, asije akafika nyumbani na njaa ya kumeza bila kutafuna. Soda aiweke kando. Kikombe cha maji moto yaliyochemshwa na tangawizi kingeweza kumpa nafuu. Akishakula asijilaze, atembee kidogo. Na mwenye chakula mdomoni asipige soga, maana anameza hewa pamoja na maneno. Hapo alimtazama Chiriku, ingawa hakuna aliyemwambia jina lake. Mwisho akaonya kwamba maumivu yakirudi kwa nguvu, au akitapika, au akiona damu, au akianza kukonda, asihangaike na tangawizi wala vidonge vya dukani, arudi zahanati upesi.

"Tumbo lako litatengemaa, fundi," alisema akiwasindikiza mlangoni. "Lakini kuna jambo lingine nimeliona. Wewe ulikuwa na haya, binti yako alikuwa na hofu, kila mmoja akaficha maumivu yake ili asimsumbue mwenzake. Matokeo yake mmeumia wote. Kuanzia leo, anayeumwa aseme, na asiyejua aulize. Mngeulizana mapema msingefika hapa."

Njiani Chiriku alishindwa kuvumilia. Aliuliza kama baba atampigia shangazi simu.

"Nitampigia," baba akasema.

Chiriku alisimama.

"Nitamwambia tumejaribu," baba aliendelea, "na imewezekana."

Jioni ile Chiriku alichemsha viazi. Walikula polepole, wakitafuna kama mbuzi, na Chiriku alijizuia kusema mpaka macho yakamtoka. Baba alimaliza sahani yake na hakuinuka kukimbia. Alikunywa maji yake ya tangawizi, akavaa viatu, akamwambia twende. Walizunguka mtaa wao, kupita karakana, kupita duka la vidonge. Chiriku alifungulia maneno yote aliyoyaweka tangu mama aondoke: ya shule, ya bibi, ya mkaa, ya bakuli lililobaki limejaa. Kwenye kona baba alibeua kwa sauti kubwa, mbwa wa jirani akabweka, na wote wawili wakacheka hadi wakashikana mikono. Kisha Chiriku akasema anamkumbuka mama. Baba akasema na yeye pia, tena sana, na hilo nalo hakuwa amelisema kabla.

Alipokwenda kulala, Chiriku hakufumba macho. Alisikia baba akifungua kabati la vyombo. Halafu akasikia kitu ambacho kwa miaka yote kilikuwa kikifanyika bila yeye kujua, maharagwe yakimwagika kwenye beseni, mengi kwa pamoja, na maji yakifuata juu yake. Akalala akiyasikiliza.