Ngozi Isiyo na Kovu

Ngozi tatu ziliwambwa nyuma ya karakana ya Bonifasi, pale Kabasa, Bunda mjini, na nzi walijaa kwenye mbili. Kwenye ya tatu hakutua hata mmoja. Walikuja wakaufikia ukingo wake, wakageuka kama waliokuta ukuta.

Bonifasi aliona. Asije mtu akasema hakuona. Ila siku hiyo alikuwa anachagua ngozi ya hatamu za farasi, na fundi akichagua ngozi anatazama ngozi, hatazami nzi.

Ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe wa kiangazi, nyembamba, imetobolewa na kupe. Ya pili ilipigwa chapa ya moto mgongoni, pale pale hatamu inapokatwa, maana ngozi ya tumbo huvutika na ya shingo ina mikunjo. Aliikunja penye chapa, ikaonyesha ufa. Hatamu ikikatika farasi hukimbia na mtu juu yake, na mtu huyo angekuwa Judith, binti yake wa pekee, anayetunza farasi wa watalii kwenye kambi moja upande wa Serengeti. Kwa hiyo akachukua ya tatu. Nene, sawasawa, haina kovu la mwiba, la fimbo wala la nira.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe si la mgeni. Mtu aliyezaliwa vijiji vya huku akiona ngozi ya dume zima isiyo na kovu anatakiwa kuuliza ng'ombe huyo alikuwa anatunzwa kwa ajili ya nini. Bonifasi huuliza siku zote, na hujisifu kwa hilo. Lakini siku Keraryo wa Butiama alipoileta mbichi na chumvi yake, aliipapasa, akafurahi, akanyamaza.

Alipoanza kushona, karakana ikanuka ugoro. Hakuna anayevuta ugoro pale. Kisha mtu akakohoa nyuma yake, kikohozi cha mzee anayetaka kupishwa kiti.

"Ingia au ondoka!" Bonifasi akafoka bila kugeuka.

Hakuingia mtu. Akamaliza kushona.

Jumamosi mchana Judith akaja kuzijaribu hatamu. Baba mtu alizifunga kwenye nguzo, binti akashika ncha mbili, mkono huku na mkono huku.

"Vuta kulia."

Judith akavuta. Shingo yake ikageuka kulia.

"Kushoto."

Ikageuka kushoto. Judith akacheka. "Baba, acha bwana."

"Niache nini? Mimi niko huku."

Kicheko kikakatika. Hatamu zikafunguka zenyewe pale nguzoni, zikanyooka hewani bila kushikwa na mtu, zikavuta taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwongoza farasi aliyezoea, na Judith akaanza kutembea, hatua kwa hatua, macho yamemtoka, anaita baba kwa sauti ndogo isiyozidi mnong'ono, anaelekea mlangoni na barabarani, hadi Bonifasi alipomkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili chini na zile kamba zikalegea, ila vidole vya Judith vikagoma kufunguka.

Kisu kikateleza juu ya ngozi ile kama juu ya kioo. Hospitalini walimchoma sindano ya kulegeza misuli. Mwili wote ukalegea isipokuwa vidole. Siku ya tatu kucha zilikuwa za bluu, na daktari akasema wazi kwamba damu haifiki, vikikaa hivyo siku mbili zaidi atavikata.

Ndugu wakaleta mganga. Akanusa hewa, akaomba mbuzi mweusi.

"Mbuzi umfanyie nini?" Bonifasi akauliza.

"Tumbembeleze atoke."

"Kashika mtoto wangu, halafu abembelezwe? Ni nani? Anadai nini?"

"Hilo sijaonyeshwa bado."

"Basi hujui. Toka."

Mganga akamsogelea sikioni. "Mzee, punguza sauti. Anakusikia."

"Ndiyo maana napiga kelele!"

Bonifasi akatoka nje, akampigia Keraryo simu. Swali aliloliacha, akaliuliza sasa.

"Lile dume lilichinjwa kwa shughuli gani?"

"Fundi, ngozi ni ngozi tu."

"Nimekuuliza, bwana."

"Msiba wa mzee."

Ikajulikana yote. Marehemu Mzee Burito, baba yake Keraryo, alimlea yule dume tangu ndama, hakulimishwa, hakuchapwa, akitunzwa kwa ajili ya matanga ya mzee mwenyewe. Kwa desturi ya ukoo wao ngozi hukatwa vipande, kila mtoto avikwe kimoja mkononi, ndipo marehemu awaachie huru. Keraryo aliiuza nzima, hata matanga hayajaisha, akawaambia ndugu zake imeoza.

Bonifasi na Judith wakaenda Butiama kwa gari la kukodi, jua la utosini. Dereva hakuhitaji kuelekezwa. Kila penye njia panda shingo ya Judith iligeuka mapema, kulia, kushoto, kulia tena, na yeye mwenyewe analia, kwa sababu hakuwahi kufika huko.

Kaburi lilikuwa ubavuni mwa nyumba, udongo bado mwekundu. Keraryo akatoka amekunja mikono.

"Mimi nimeokoka, Fundi. Hayo mambo ya wazee tulishaachaga."

"Ulipodanganya ndugu zako kwamba ngozi imeoza, ulikuwa umeokoka?"

Bonifasi hakungoja jibu. Akalisimamia kaburi.

"Mzee Burito! Mimi naitwa Bonifasi. Sikuuliza, hilo kosa langu, nalibeba. Huyu binti hajakukosea. Una watoto wanne, wako hapa hapa, unamshika wa kwangu kwa nini? Sikupigii magoti. Nimekurudishia mali yako. Mwachie!"

Udongo ukakohoa. Wote walisikia.

Euphrasia, binti mkubwa wa marehemu, akasogea, akanyoosha mkono. "Nikatie mimi kwanza."

Kisu kikaingia kwenye ngozi kama kwenye siagi. Bonifasi akamfunga kipande mkononi. Wadogo zake wawili wakafuata, na kipande cha tatu kilipofungwa vidole vya mkono wa kushoto wa Judith vikafunguka, kimoja kimoja. Wa kulia ukabaki umefumba.

Watu wakamtazama Keraryo.

"Mimi sivai," akasema, na papo hapo hatamu iliyobaki mkononi mwa Judith ikanyooka kumwelekea, na harufu ya ugoro ikatanda uani, na hatua zikasikika juu ya udongo mkavu, nzito, zisizo na miguu, zikitoka kaburini bila haraka hata kidogo, zikapita katikati ya watu walioganda, zikamzunguka Keraryo na kusimama mgongoni kwake, karibu kiasi kwamba ukosi wa shati lake ukapepea kwa pumzi.

Keraryo akanyoosha mkono.

Bonifasi akakata, akafunga, akaacha nafasi ya kidole kupita. Mkono wa Judith ukafunguka. Damu ikarudi kwenye kucha, naye akapiga yowe la maumivu, na baba yake hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Bonifasi alikuwa anampandisha Judith garini, Keraryo akamkimbilia, ameshika kifundo cha mkono, uso umemparama.

"Fundi, umenikaza sana. Legeza kidogo."

Bonifasi akatazama. Ngozi ilikuwa imezama kwenye nyama, ukingo hauonekani, na bado ilikuwa inaendelea kujivuta polepole.

"Mimi niliacha nafasi," akasema, akafunga mlango wa gari. "Kaongee na baba yako."