Msalaba Mmoja, Wezi Wawili

Msalaba wa fedha wa kanisa la kilimani, Gondar, uliibwa mchana wa sikukuu ya Mikaeli, saa nane. Kufika saa tisa, mapacha Biniyam na Bereket, waashi, walikuwa wameshafungwa pingu. Bereket alikuwa aoe Jumapili.

Aliyewataja ni Mzee Wubshet, mlinzi. Sajini Alemnesh alimkuta ameketi ng'ambo ya barabara, nje ya ukuta wa kanisa.

"Baba, uliona nini?"

"Wawili, mwanangu. Shuka nyeupe kichwani, kimo kimoja, wote wanachechemea mguu wa kushoto. Kama si wale mapacha, nani tena?"

"Walibeba misalaba mingapi?"

"Kila mtu na wake."

"Kanisa lina mmoja tu."

"Basi mwingine wameuiba kwingine! Mimi nalinda lango, sihesabu mali za wezi."

Mama muuza kahawa wa hapo kando akamnyooshea kikombe. Mzee alishika hewa. Mara ya pili alikipata, kahawa ikamchuruzika kidevuni asijue.

Alemnesh alitazama ule ukuta. Mwenye kutoka damu haingii ua wa kanisa. Hilo kila mtu Gondar analijua.

"Fungua mdomo, baba."

Ndani mlikuwa na pamba, nyekundu.

"Usimwambie padri. Nimeacha lango sikukuu ya Mikaeli, nikaenda kung'olewa jino."

Seid, daktari wa meno wa sokoni, hakuficha. "Nilimchoma ganzi juu, nyuma kabisa ya taya. Mara chache dawa hupenya ikafika kwenye misuli ya jicho. Jicho moja linakwenda kivyake, mtu anaona kila kitu mara mbili. Ganzi ikiisha, linatulia. Nilimwambia asubiri, akasema lango halina mtu."

Sajini akarudi. "Baba, ziba jicho moja. Mimi ni wangapi?"

"Mmoja."

"Ulijua?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilidhani Mikaeli ananiadhibu. Ningesema naona mara mbili, wangeniuliza nilikuwa wapi."

"Ukaona bora wafungwe wenzako."



Mapacha waliambiwa watembee uani mwa kanisa. Walitembea wima kama nguzo. Alemnesh akamgeukia Mekuria, mtunza stoo ya kanisa.

"Kaka, na wewe tembea mpaka mlangoni."

Mekuria hakuinua mguu.

"Mlango wa stoo ulimokuwa msalaba haukuvunjwa," Alemnesh alisema. "Ufunguo unao wewe. Na mguu mbovu wa kushoto unao wewe."

"Binti yangu yuko Beirut," Mekuria alisema. "Tajiri wake kamnyang'anya pasipoti, bila fedha hamwachii. Nimemwomba Mikaeli mwaka mzima. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekiri kwanza wale wafunguliwe pingu, ndipo niulize."

Msalaba ulikuwa stooni, ndani ya gunia la nafaka ya tefu, mkono mmoja umepinda. Binti wa Mekuria bado yuko Beirut, na baba yake yuko gerezani. Wubshet alipoteza jino na lango. Wakwe walisikia habari ya pingu, ya ganzi hawakutaka kuisikia. Jumapili Bereket hakuoa.