Kigingi cha Nguzo ya Magharibi

Jumanne ya tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili kasorobo jioni, ndipo mambo yalipogeuka.

Fundi Taratibu alipanda mlimani kufunga madirisha ya Nyumba ya Kimya, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alikwenda na binti yake wa miaka tisa, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Njia nzima mtoto alikuwa akihesabu miche waliyoipanda, miwili kwa kila mti walioutumia.

Baba alifunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili.

Akasikia mtu anahema.

Pumzi tatu fupi. Kisha moja ndefu, yenye mluzi mwembamba mwishoni.

Akageuka kumtazama Chiriku. Mtoto alikuwa nje, anaongea na jongoo. Ndani hapakuwa na mtu.

Pumzi tatu fupi... moja ndefu.

Ilitoka kwenye nguzo ya magharibi. Na pamoja nayo ikaja harufu ya dawa ya kuchua kifua, ile aliyompaka mkewe kila jioni kwa miezi saba, mpaka jioni ile ambayo hapakuwa tena na wa kupakwa.

Fundi akakaa chini, akaegemea nguzo, akalia kwa furaha. Hilo ndilo kosa lake la pili. La kwanza alikuwa amelifanya majuma matatu nyuma.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wote wa mtaa. Walitaka mahali msituni pa kukaa pamoja bila kelele, mwenye kuomba aombe, mwenye kuwaza awaze. Walikubaliana wasikate mti mzima hata mmoja, watumie tu ile iliyoangushwa na upepo. Hakuna saruji, wala msumari. Siku nyumba itakapochoka, irudi udongoni bila kuacha taka. Shemeji yake fundi, mpasua mbao mwenye utani mwingi, alicheka akasema nyumba isiyo na msumari, mwizi ataibeba mabegani kama mkeka.

Mahali pa misumari walitumia vigingi vya mti, mia tatu na kumi na viwili. Nguzo huwa bado na maji kidogo, lakini kigingi lazima kiwe kikavu kabisa. Nguzo ikikauka hunywea, hukikumbatia kigingi, na hapo hakitoki tena. Fundi alikuwa akiwaambia wenzake kila siku: kinachoingia kikavu, kimeingia moja kwa moja.

Vimebaki vigingi vichache, mvua ikanyesha, mbao zake zikalowa. Siku ya kufungua imekaribia, na mkewe hana hata siku kumi na mbili kaburini. Fundi akaingia stoo. Kile kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kitanda cha urithi, mti wake umekauka kwa miaka arobaini. Akakata tendegu moja, mguu mmoja kati ya minne. Akachonga kigingi huku machozi yakidondokea patasi, akaenda akakigongomea kwenye nguzo ya magharibi. Alijiambia kwamba kwa njia hiyo mama Chiriku naye atakuwa amechangia.

Baada ya jioni ile ya Jumanne, akawa anapanda kila siku. Hakumwambia mtu. Alimchukua Chiriku, akamketisha palepale, mgongo kwenye nguzo, mtoto apate joto la mama yake. Chiriku alisema nguzo inamtekenya.

Siku ya sita hakuhesabu miche.

Siku ya nane hakusema neno njia nzima.

Siku ya tisa, usingizini, kifua chake kikaanza. Pumzi tatu fupi. Moja ndefu, na mluzi.

Hospitali walimpima, wakapiga picha, wakasema mapafu ni safi. Wakampa dawa, haikufua dafu. Mtoto akawa mwepesi mikononi kama nguo iliyokaushwa juani. Fundi alipiga magoti mpaka yakachubuka, akaomba, na bado moyoni alijua anachokificha.

Mwishowe akamwambia shemeji yake. Shemeji hakutania. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini bado wamekaa, kwa nini hawajakitoa.

"Nikikitoa sitamsikia tena," fundi akasema.

"Dada yangu tulimzika, shemeji. Unataka tumzike na mtoto?"

Wakapanda jua likiegemea vilele vya miti. Shemeji akabaki nje akitafuta gogo la kuegemeza boriti. Fundi akaingia peke yake na keekee ya mkono. Harufu ya dawa ilikuwa nzito mpaka macho yakawasha. Akaweka kiganja kwenye nguzo.

Ilikuwa na joto.

"Baba Chiriku..."

Akasogeza sikio kwenye nguzo.

"Nimebanwa," sauti ikanong'ona. "Nimechoka. Nitoe."

"Mbona unamchukua mtoto wetu?"

Pumzi tatu fupi...

"Mimi sina pumzi. Nahema ya anayeegemea. Wewe ndiye unayemleta."

Fundi akaiinua keekee. Shemeji akaingia, akaegemeza boriti kwa gogo, akashikilia kwa bega. Keekee ikazunguka. Mti ulikuwa umekikumbatia kigingi kweli kweli. Ilibidi akitoboe katikati, akivunje, akitoe vipande vipande kwa patasi. Miaka arobaini ya ukavu, na kila kipande kilitoka kimelowa, kina uvuguvugu wa mate.

Kipande cha mwisho kilipotoka, nyumba nzima ikashusha pumzi moja ndefu. Bila mluzi.

Walivifukia vipande vile kaburini kabla giza halijaingia. Usiku huo Chiriku alilala kama mtoto. Asubuhi akadai uji, akauliza maswali kumi na saba kabla ya kuumaliza, na baba yake akatoka nje kulia.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo.

Jumamosi fundi aliingia stoo kukitoa kile kitanda, akakizike chote. Akakivuta mwangani. Akakiweka chini, kikalala ubavu. Akahesabu matendegu.

Mawili.

Akahesabu tena kwa mkono, kama kipofu. Mawili. Alikata moja, hilo anakumbuka. Shemeji aliapa kwamba hajawahi kuingia stoo. Fundi akajaribu kuikumbuka siku ile ya kuchonga, lakini alichoona ni machozi na maranda, na mikono yake ikifanya kazi bila yeye.

Vigingi mia tatu na kumi na kimoja. Vyote vimepigwa randa, vyote vimepakwa mafuta, vinafanana kama punje za mchele.

Jioni hiyo watu walikuwa wamekaa kimya, migongo kwenye nguzo, kila mmoja na nguzo yake. Fundi akasimama mlangoni, akatega sikio. Mahali fulani katikati yao mtu alikohoa.

Pumzi tatu fupi...

Ee Mwenyezi Mungu, mpokee mja wako aliyeondoka akitafuta pumzi. Mpe nafasi pana, asibanwe tena. Msamehe aliyemfunga kwa sababu ya kumpenda. Na kilichobaki chake kwetu, tuonyeshe kilipo, kabla hakijamchosha mwingine. Amina.