Chupa za Manjano Juani

"Dada, manjano yote hayo, unapikia harusi ya nani?"

Tadea aligeuka. Soko la Mbinga lilikuwa limefurika, na aliyemtania alikuwa kijana mrefu nyuma ya meza ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, shati la drafti, meno yote nje. Tadea mwenyewe alivaa sketi ya kitenge na blauzi nyeupe iliyokwisha kuharibiwa na vidole vyake vya njano.

"Sipiki. Natengeneza dawa."

"Basi nami naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijui. Ugonjwa umenianza sasa hivi."

Tadea alicheka, ingawa alikuwa hoi. Kijana aliitwa Othmar, wa Liuli, ziwani. Tadea alikuwa mfamasia, mzaliwa wa Litembo, na kazi yake katika maabara ndogo pale mjini ilikuwa imemtoa jasho kwa miaka.

"Kwani mgonjwa asinywe tu mchuzi?" Othmar alimuuliza kwenye simu usiku mmoja, miezi michache baadaye, walipokwisha kuwa wapenzi.

"Dawa iliyomo kwenye manjano haiyeyuki kwenye maji, mpenzi. Ukiimeza inapita tu. Naifunga ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata huvioni, viifikishe kwenye damu."

"Vinafikisha?"

"Vinakaa kidogo, halafu vinajitenga. Nimechoka, Othmar."

"Pumzika, malaika wangu. Vikigoma kabisa nitafurahi, utabaki huku."

Alitania tu, lakini utani mwingine bora umezwe. Kama mchanganyiko ungedumu mpaka mwisho wa masika, Tadea angehamia Dar es Salaam kuuendeleza. Neno lile hakulisahau.

Na kweli mchanganyiko ukaanza kudumu. Tadea alipoitwa Songea kikazi, alimwachia Othmar ufunguo amsubiri fundi wa paa, maana maabara ilikuwa inavuja. Aliporudi alikuta chupa zake zimepangwa barazani kwenye jua kali, na vitambaa vyeusi alivyozifunikia vinaning'inia kwenye kamba. Rangi ya dawa ilikuwa imepauka kama majani makavu.

"Umefanya nini?"

"Maji yaliingia kabatini. Nikaona zitavunda, nikazianika."

"Mwanga unaiua hii dawa! Hukujiuliza kwa nini ziko gizani?"

"Hukuniambia, Tadea."

"Ulisema utafurahi. Haya, furahi!"

Othmar aliweka ufunguo mezani akaondoka. Alipiga simu mchana, akapiga jioni, Tadea hakupokea. Alilia, akafua vitambaa, akalia tena. Lakini hasira nayo inachosha. Jumamosi moja alipanda gari la kwenda ziwani, akamuulize uso kwa uso kama alifanya makusudi.

Liuli, vichanja vya usipa vilikuwa vimejaa pwani nzima, harufu imetanda. Mama yake Othmar, Mama Gaudiosa, alikuwa akigeuza samaki huku akikohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Pembeni ya kichanja, katikati ya usipa, kulikuwa na chupa ya dawa ya kifua, wazi, inaota jua.

"Mama, hiyo dawa vipi?"

"Ilinyeshewa, Othmar kanianikia. Kwetu huku kikilowa tunakianika, kisije kuharibika."

Tadea aliketi mchangani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jinsi alivyomdhania vibaya! Othmar akatokea na beseni kichwani.

"Umekuja kunigombeza tena?"

"Nilikuja kukuuliza kama ulifanya makusudi. Sina haja tena. Ila dawa ya mama iondoe juani."

Othmar alitua beseni. "Nilikuwa naogopa utaondoka, sikatai. Lakini kukuharibia kazi, hapana. Dar unaenda lini?"

"Siendi. Nafasi kapewa mwingine. Naanza upya, na nguvu sina."

Othmar hakufurahi hata chembe. Alikaa kando yake, macho yamemlowa.

"Nisamehe, Tadea. Nataka kutuma wazee Litembo. Ungekuwa Dar ningewatuma vilevile, hata kama ningebaki nakusubiri."

"Nipe kwanza mahali pa kulala. Nitakujibu nikiamka."

Mama Gaudiosa alimtandikia mkeka chumbani kwake. Tadea alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu masika yaanze. Alipoamka jua lilikuwa limeinama, na Othmar alikuwa bado amekaa kizingitini, hajala, hajabadili hata shati.

"Watume," alimwambia.